Seva ya Nyumbani Machakos: Toa Hapa, Bana Pale

Bei iliyobandikwa kwenye kompyuta si gharama ya seva. Ukitaka picha za familia, filamu na swichi za nyumba yako zikae kwenye mashine iliyo sebuleni kwako Machakos, si kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo, kuna vitu vinne vya kulipia: mashine yenyewe, stima, kinga ya stima, na intaneti. Mashine hulipwa mara moja. Hivyo vitatu vingine huendelea kukufuata baada ya hapo, na watu wengi huvigundua pesa zikiwa zimekwisha.

Bei za hapa ni za kukadiria, kwa mnunuzi wa mjini Machakos au anayeagiza kutoka Nairobi. Zitapanda na kushuka, kwa hiyo shika uwiano wake kuliko namba yenyewe. Sipendekezi muuzaji wala kampuni ya vifaa, kwa sababu kifaa kizuri na kibovu huuzwa kwenye rafu moja. Programu nitazitaja kwa majina, kwa kuwa zile ninazozipendekeza ni za bure.

Anza na stima kabla ya kuangalia mashine yoyote. Fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni kwenye simu, chukua pesa ulizolipa, ugawanye kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi, kodi na tozo zikiwemo. Kwa nyumba nyingi shilingi 30 kwa uniti haiko mbali na ukweli, nami nitaitumia hiyo.

Kompyuta kubwa ya mezani, ile ya kasha la kusimama ambayo utauziwa 8,000 na kuambiwa umeokota, hula kama wati 60 hata ikiwa haina kazi. Iache ikiwaka saa 24 kwa siku 30, umetumia uniti 43, yaani karibu shilingi 1,300. Kwa mwaka ni zaidi ya 15,000. Umelipia stima karibu mara mbili ya bei ya mashine, na mwakani utalipa tena.

Kompyuta ndogo ya mezani, isiyozidi ukubwa wa kitabu kinene, hula wati 10 hivi: uniti 7, shilingi 216 kwa mwezi. Laptopu kuukuu iliyozimwa kioo hula wati 15, yaani shilingi 324. Bodi ndogo inayotoshea kiganjani hula wati 5, shilingi 108. Kwa hiyo kompyuta ya kasha kubwa usiichukue hata ukipewa bure, isipokuwa utatoa diski na kumbukumbu yake uuze iliyobaki.

Kuna makato mengine ambayo hakuna muuzaji atakayekutajia. Tangu Aprili 2023 wateja wa stima wa nyumbani wamewekwa katika makundi matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaopita 100. Kundi lako hutokana na wastani wa miezi mitatu, na bei ya kundi ndiyo bei ya uniti zako zote, si zile za ziada peke yake.

Chukua chumba cha kupanga kule Katoloni kinachotumia uniti 25. Ongeza kompyuta ndogo ya uniti 7: unafika 32 na umetoka kundi la chini. Bei ikipanda shilingi 5 tu kwa uniti, umeongezewa 160 juu ya zile uniti 7. Yaani mashine ya shilingi 216 kwa mwezi imekuwa ya karibu 380. Nyumba inayotumia uniti 60 haiguswi na jambo hili. Ya uniti 95 inaguswa sana. Angalia tokeni za miezi mitatu iliyopita uone uko umbali gani na mpaka, kisha ndipo uchague mashine.

Sasa mashine yenyewe. Vijana wengi huanza na ile bodi ya kiganjani kwa sababu video zote za mafunzo zinaitumia. Bodi yenye kumbukumbu ya GB 4 hupatikana kwa 10,000 hadi 13,000. Bei hiyo ni ya bodi tupu. Chaja yake inayofaa ni 1,500 hadi 2,000, kasha ni 1,000, kadi ya kuhifadhia ni 1,000 hadi 1,500. Umefika 15,000 na bado huna diski. Chaja ya simu usiijaribu hapo: volti hushuka kazi ikizidi, bodi inazimika katikati ya kuandika, na data inaharibika.

Ile kadi nayo ni shida. Haikutengenezwa kuandikwa mchana na usiku, na stima ikikatika ghafla mara kadhaa hufa bila onyo. Kadi feki nazo zimejaa sokoni: imeandikwa GB 128 lakini ndani ni 16, na hutajua mpaka picha zianze kupotea. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw ambayo hujaza kadi yote na kuisoma tena. Iendeshe siku ile ile uliyonunua kadi, kabla ya kuitia kadi hiyo chochote cha maana.

Kwa 14,000 hadi 18,000 hizo hizo unapata kompyuta ndogo ya mezani ya ex-UK, ikiwa na kumbukumbu ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256, kasha na chaja yake. Ina nguvu mara kadhaa ya bodi, na kipuri chake kikiharibika kinapatikana kwenye duka lolote la kompyuta mjini. Tofauti ya stima kati yake na bodi ni kama shilingi 100 kwa mwezi. Mimi ningenunua hii, wala nisingefikiria mara mbili. Bodi inafaa kwa mtu mmoja tu: anayeiendesha kwa sola, ambaye kila wati ni mali.

Lakini kabla ya kutoa hata hizo 14,000, tazama juu ya kabati. Kama kuna laptopu ya miaka minane iliyovunjika kioo au yenye kibodi kisichofanya kazi, umeshapata seva. Ina betri yake ndani, na kama betri hiyo bado inashika chaji, stima ikipotea nusu saa yenyewe haijui. Mtu asiye na pesa aanzie hapa.

Hasara yake ni moja na ni ya kuzingatia: betri ya laptopu inayochajiwa miaka bila kupumzika huvimba, na betri iliyovimba inaweza kuwaka. Weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 kama mashine inaruhusu. Iweke juu ya sakafu ya saruji au meza ya chuma, mbali na pazia na godoro. Kila mwezi iinue uiangalie chini. Ukiona kifuniko kimeanza kunyanyuka, toa betri siku hiyo hiyo.

Kinga ya stima ndiyo sehemu ambayo watu hubana pesa na kujuta. Hatuzungumzii tu siku kama 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani. Tunazungumzia zile dakika tano za kila wiki, na hasa stima inaporudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda friji, cha 800 hadi 1,500, huzuia stima mpaka itulie, kisha ndipo kinairuhusu ipite. Hiki nunua kwanza, hata kama seva utaiahirisha, kwa sababu kinakinga na televisheni pia.

UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine stima ikikatika, ya VA 650 ni 5,000 hadi 7,000. Ndani yake mara nyingi kuna betri ya volti 12 ya saa-ampea 7, ambayo kwa hesabu ni wati-saa 84. Ukiondoa kinachopotea njiani, tegemea 50 hivi. Kompyuta ya wati 10 na ruta ya wati 10 zitakaa saa mbili na nusu betri ikiwa mpya. Betri hiyo huchoka baada ya miaka miwili au mitatu, na mpya ni 1,500 hadi 2,500. UPS ya bei ya chini isiyofunguka ili kubadilishwa betri ni hasara; muulize muuzaji akufungulie kifuniko kabla hujalipa. Nyingine hulia usiku kucha stima ikipotea na hazina swichi ya kunyamazisha. Hilo nalo liulize, hasa kama mnalala chumba kimoja nayo.

Kama unatumia laptopu, UPS hiyo huihitaji. Kinachotaka betri ni ruta peke yake, na kuna UPS ndogo za ruta za 2,500 hadi 4,500, zinazotoa volti 9 au 12 moja kwa moja. Soma volti iliyoandikwa chini ya ruta yako kabla ya kwenda dukani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa kinachorudisha pesa upesi kuliko vyote, kwa kuwa stima ikienda intaneti inabaki, na mwenye kazi ya mtandaoni hapotezi siku. Hakikisha tu kwamba mtoa huduma wako naye ana betri upande wake. Kwa baadhi ya mitaa, stima ikikatika na nguzo yao inalala.

Sola nitaipitia haraka. Kwa ajili ya kupunguza bili ya seva ya shilingi 216, hailipi hata kidogo: paneli, kidhibiti chaji na betri ni zaidi ya 20,000. Inalipa kwa anayeishi Masii au Kathiani ambako stima ikienda inaweza kulala huko, au ambaye tayari ana sola ya taa na kuna nguvu inayobaki mchana.

Sasa swali lenyewe: kuhifadhi picha na faili zako mwenyewe ni nafuu kuliko kukodi nafasi mtandaoni? Jibu linategemea wingi wake, na hapa ndipo mtu anafaa kukaa chini na kalamu. Hadi mwisho wa Mei 2021 Google ilikuwa ikihifadhi picha zilizobanwa bila kikomo bure; tangu 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa kwenye ile GB 15 ya kila akaunti, na ndipo wengi walipoanza kusumbuliwa na ujumbe wa nafasi kujaa.

GB 100 hukodiwa kwa karibu dola 2 kwa mwezi. Ongeza VAT ya asilimia 16, ambayo huduma za kidijitali za nje hutozwa, upate kama shilingi 300. Kwa mwaka ni 3,600. Ukiwa na picha za GB 60, kodi tu. Seva haitakuokolea chochote. Kompyuta peke yake ni ada ya miaka minne.

Familia yenye TB 2, labda kwa kuwa mnapiga picha za harusi au mnahifadhi video za kanisa, inalipa karibu dola 10: shilingi 1,500 na kodi, 18,000 kwa mwaka. Upande wa pili, weka kompyuta ndogo ya 15,000, diski mbili za nje za TB 2 kwa 11,000 kila moja, UPS ya 6,000. Hapo ni 43,000. Stima ni 2,600 kwa mwaka, na betri ya UPS 2,000 kabla ya mwaka wa tatu kuisha. Mwisho wa mwaka wa tatu umetumia 52,800. Aliyekodi ametumia 54,000. Mmelingana. Kuanzia mwaka wa nne ndipo unapoanza kuokoa.

Ukiwa na laptopu ya bure hesabu inageuka: diski mbili 22,000 na stima karibu 3,900 kwa mwaka. Miaka miwili ni chini ya 30,000, dhidi ya 36,000 za kukodi. Hiyo ni akiba ya kweli.

Anayekodi kwa dola pia amebeba hatari ya dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi 130. Ada ile ile, pesa tofauti kabisa mfukoni.

Tafadhali usiikate ile diski ya pili kwenye bajeti. Nakala moja si hifadhi. Diski ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza: ipeleke kwa wazazi Mwala, uje nayo mwisho wa mwezi, unakili, uirudishe. Mwizi akiingia hubeba kompyuta, diski na UPS kwa safari moja. Chagua diski ambazo si pacha, za maduka mawili tofauti ikiwezekana, ili zisiharibike kwa pamoja kwa kasoro moja.

Programu zenyewe hazikugharimu. Immich ni ya picha na hufanana sana na unayoizoea kwenye simu. Nextcloud ni ya faili, kalenda na anwani. Ni nzito kidogo, na kama unachotaka ni kunakili faili za simu na laptopu peke yake, Syncthing inatosha na haisumbui. Jellyfin ni ya filamu na muziki. Gharama yao ni muda wako: kuzisasisha kila baada ya wiki chache, na jioni moja iliyopotea pale sasisho linapoharibu kitu. Kama jioni zako ni za kufanya kazi ya pili, hiyo ni pesa, ihesabu. Barua pepe usijaribu kuiendesha nyumbani. Barua kutoka kwenye laini za majumbani huishia kwenye kapu la taka la mpokeaji au hazifiki.

Intaneti ina mtego wake. Kifurushi cha chini cha faiba cha kampuni kubwa ni karibu 3,000 kwa mwezi. Watoa huduma wadogo wa mtaani hutoza 1,500 hadi 2,000. Mitaa ya mji kama Kenya Israel ina uchaguzi. Ukienda mbali na barabara kuu uchaguzi unapungua haraka. Kwa seva ya nyumbani angalia kasi ya kupakia, si ya kupakua peke yake. Tangazo husema moja tu, na ukiwa Nairobi ukifungua picha zako zilizo Machakos, ni ile ya kupakia inayokuhudumia.

Mtego mkubwa ni anwani. Watoa huduma wengi huweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja ya mtandao. Wewe unatoka vizuri, lakini ukiwa nje huwezi kugonga mlango wa seva yako, kwa sababu mlango ni wa wote. Anwani yako binafsi huuzwa kando, na baadhi huiuza kwa wenye biashara pekee. Uliza kabla ya kufungiwa waya, na jibu ulitake kwa maandishi.

Anwani hiyo binafsi usiinunue kama huna sababu nzito. Programu ya mtandao wa faragha kama Tailscale ina kiwango cha bure kinachotosha familia, na inapita katika anwani hizo za pamoja bila shida. Ni salama zaidi pia, kwa kuwa seva yako haionekani na dunia nzima. Njia ya pili ni kukodi seva ndogo ng'ambo kwa dola 4 hadi 6 kwa mwezi iwe daraja lako. Hiyo ni kwa mwenye biashara, pamoja na jina la tovuti la .co.ke la shilingi elfu moja na kitu kwa mwaka. Jihadhari na jina la mwaka wa kwanza kwa bei ya kutupa. Soma bei ya kulihuisha.

Dishi la setilaiti lina mahali pake. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na mwishoni mwa 2024 ilisitisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Machakos ikiwemo, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Kwa hiyo hakikisha eneo lako liko wazi kabla ya kununua dishi la mtu kwa mkono wa pili. Na dishi la kawaida hula wati 50 hadi 75: uniti 36 hadi 54 kwa mwezi, shilingi 1,080 hadi 1,620 juu ya ada. Ruta ya faiba hula sehemu ndogo tu ya hiyo. Faiba ikipita mlangoni kwako, shika faiba.

Tuje kwenye nyumba janja, ambako pesa hupotea kwa vitu vidogo vidogo. Balbu janja ni 1,000 hadi 1,500. Balbu ya kawaida ya LED ya wati 9 ni 150 hadi 200. Ukiisahau hiyo ya kawaida ikiwaka saa 8 kila usiku, mwezi mzima imekula shilingi 65. Balbu janja itachukua zaidi ya mwaka kurudisha pesa hata kwa mtu msahaulifu kiasi hicho, na ikiwa imezimwa bado inakula stima kidogo ikisubiri amri. Vifaa ishirini vya Wi-Fi vinavyokula wati 1 kila kimoja ni uniti 14 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 430 kwa kungoja tu. Kama bado unaitaka balbu hiyo, angalia kitako: nyumba zetu nyingi ni za pini mbili, na maduka ya mtandaoni hupenda kuuza za kuzungusha.

Swichi janja ya ukutani, 1,500 hadi 2,500, ina maana zaidi kwa kuwa nyanya akija kutoka Mwala ataibonyeza kama swichi yoyote. Tatizo ni waya. Nyumba nyingi zilifungwa bila waya wa nyutro kwenye kisanduku cha swichi, na swichi nyingi zinauhitaji. Fungua kisanduku kimoja na fundi wa stima kabla ya kuagiza sita. Kupitisha waya mpya ukutani kutakula pesa kuliko swichi zenyewe, na kwa mpangaji ni ugomvi na mwenye nyumba.

Shawa ya kupasha maji papo hapo iache kabisa. Shawa ya kilowati 5 huvuta karibu ampea 21. Swichi janja nyingi zimeandikwa ampea 16 au chini yake. Itayeyuka, na moto huanzia hapo. Hata hivyo shawa ndiyo inayokula tokeni: dakika 10 ni shilingi 25, na watu wanne kila siku ni kama 3,000 kwa mwezi. Kukata dakika tatu za kila mtu kunaokoa karibu 900 bila kununua chochote.

Machakos pesa ya nyumba janja iko kwenye maji. Mfereji huja kwa zamu, lori la maji linalipwa, na tangi likifurika ni pesa inayomwagika. Pampu inayosukuma lita 30 kwa dakika ikisahauliwa nusu saa imemwaga lita 900. Lakini hapa pia usikimbilie kompyuta. Swichi ya floti, 500 hadi 1,000, huzima pampu tangi likijaa. Haina Wi-Fi, haina akaunti, na fundi yeyote anaifunga. Inunue wiki hii.

Baada ya hiyo ndipo kihisi cha kiwango cha maji kinapofaa, ili ujue Jumatano kwamba maji hayatafika Jumamosi. Kihisi cha mawimbi ya sauti kisichoingia maji ni 1,000 hadi 1,500, bodi ndogo ya Wi-Fi ni 800 hadi 1,200, kasha, waya na chaja ni 1,000. Kijana anayesoma uhandisi anaweza kukufungia kwa elfu moja. Kilichotengenezwa tayari hupita mara mbili ya jumla hiyo, na mara nyingi hutaka programu na akaunti ya kampuni yake.

Akaunti hiyo ndiyo ya kuiogopa. Aprili 2022 kampuni ya Marekani iitwayo Insteon ilizima seva zake bila taarifa, na wateja wakaamka nyumba haziitiki. Huku kwetu, 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Swichi inayouliza ruhusa ng'ambo kabla ya kuwasha taa ya Machakos haikuwa na la kufanya. Nunua kifaa kinachoweza kuongozwa ndani ya nyumba na Home Assistant, programu ya bure inayokaa kwenye ile kompyuta yako ndogo. Jaribio ni rahisi: mwambie muuzaji azime intaneti ya duka, Wi-Fi ibaki, kisha awashe swichi. Akikataa, nenda duka la pili.

Vihisi vya milango na mwendo vya Zigbee, mawimbi ya redio yasiyokula stima nyingi, ni bora kuliko vya Wi-Fi, kwa kuwa betri yake hudumu mwaka au zaidi. Machakos ni nadra kuvipata. Utaviagiza Nairobi, pamoja na kipokezi cha 3,000 hadi 4,500. Vinunue ukiwa na mpango wa vitano au zaidi. Kwa kimoja, havilipi.

Kamera chagua ya kurekodi kwenye kadi au diski yako. Ya bei ya kutupa yenye ada ya kila mwezi ya kutazama rekodi inaweza kukugharimu ada kuliko bei yake yenyewe ndani ya mwaka. Ukiwa na ploti ya wapangaji na kamera inawarekodi getini, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu: weka kibao kinachosema kuna kamera, na usielekeze mlangoni kwa mtu.

Unapoenda kununua hiyo kompyuta ya ex-UK, nenda mchana, stima ikiwepo, na usiwe na haraka. Iwashe, iache dakika ishirini, sikiliza feni. Fungua programu ya kusoma hali ya diski uone saa ilizofanya kazi; diski yenye saa 40,000 imewaka zaidi ya miaka minne mfululizo, hata kama imepakwa sura mpya na kubandikwa lebo.  Ipunguziwe bei au ibadilishwe.

Waranti ya miezi sita ya Nairobi ina gharama yake kwa mtu wa Machakos: nauli ya kwenda na kurudi, siku ya kazi, na kubeba mashine kwenye matatu. Duka la mjini likiwa juu kwa 1,000 na lina waranti ile ile, nunua mjini. Taka waranti iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mashine, kwa sababu risiti nyingine chini kabisa imechapwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Lipa kwa namba ya till ya duka, ambayo mnunuzi hakatwi ada, na jina linalotokea kwenye simu lifanane na la risiti. Muuzaji akitaka utume kwa namba yake binafsi ili akupunguzie mia mbili, ikatae hiyo mia mbili.